Nilivyokuwa Amerika Kule Uyole

Niliondoka Kihesa, Iringa, nikiwa Amerika. Wanadarasa wenzangu mnajua ilivyotokea, maana ninyi ndio mlionichagua kwa kunyoosha mikono, na wengine mlinyoosha yote miwili. Lakini kwa wale ambao hawakuwapo siku ile, niseme tangu mwanzo. Darasa letu la kisomo cha watu wazima lilikuwa limemaliza habari za Vita Kuu ya Pili, na Mwalimu Kalinga akaja na taarifa kwamba madarasa matatu yatakutana Uyole, Mbeya, kuigiza mkutano wa wakubwa baada ya vita hiyo. Igowole wangekuwa Uingereza, wenyeji wa Uyole wangekuwa Urusi, nasi Kihesa tukapewa Amerika. Ufaransa ilipewa darasa la mbali ambalo halikupata usafiri, kwa hiyo mkutanoni iliwakilishwa na kiti kitupu. Nasema bila kumsema mtu: kati ya wajumbe wote, kile kiti ndicho kilichotusumbua kidogo kuliko wengine.

Amerika alitakiwa awe mtu mwenye mdomo, mkanigeukia mimi. Sikukasirika. Fundi cherehani asiye na mdomo hushonea watu bure maisha yake yote.

Ila safari yangu ilikuwa na jambo jingine ndani yake, na hilo darasani sikulitoa. Mume wangu, Baba Atupele, ni Mnyakyusa, na baba yake mzazi alihama Rungwe zamani akaenda kulima viazi na mahindi Uyole. Mzee alikuwa amemchagulia mwanawe msichana wa Tukuyu. Mwanawe akanichagua mimi, binti wa Kihehe, tena nisiyejua hata kumenya ndizi mbichi. Tangu hapo mzee alitangaza kwamba hana mkwe Iringa. Mtoto wetu Atupele alikuwa anakaribia kuanza shule, na babu yake alikuwa hajamshika hata mkono. Nilikuwa nimechoka kumjibu mtoto kila alipouliza kama na yeye ana babu.

Asubuhi ya kuondoka nilipita gereji kumuaga mume wangu. Alikuwa chini ya gari, nikaongea na miguu yake.

"Ukifika Uyole, usiende kwa baba," ikasema ile miguu.

"Kwa nini?"

"Atakufukuza. Halafu itabidi na mimi niende tugombane upya. Nimechoka, mama."

"Amerika hafukuzwi."

"Amerika gani wewe, na bata wa jirani unawaogopa?"

Nikamwacha na gari lake. Lakini moyoni nilishakata shauri. Sikutaka ng'ombe wa mzee wala shamba lake. Nilitaka anitazame usoni, anipe salamu, ajue kwamba mke wa mwanawe ni mtu. Nilidhani nikipata hilo nimepata yote.

Mafinga tulisimama kuwapakia Uingereza. Walikuwa watu watatu kutoka Igowole, wakiongozwa na Ndugu Mgaya, mchuma chai, aliyevaa tai shingoni na gambuti miguuni. Alipoingia tu katika basi alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu cha dirishani.

"Kamwene, Amerika. Naomba upishe, Uingereza amezoea dirishani."

"Kamwene. Amezoea tangu lini?"

"Tangu enzi za malkia."

Nilimpisha, maana mkutano ulikuwa haujaanza na mimi sikutaka kuuanza kwa ugomvi. Alipokwisha kukaa, akatoa chupa ya chai, akamimina vikombe viwili, chai nyeusi nzito ya Mufindi, akanipa kimoja. Nikaonja. Haikuwa na chembe ya sukari.

"Ndugu Mgaya, sukari?"

"Uingereza tumefilisika kwa vita," alinijibu bila kucheka. "Sukari analeta Amerika."

Basi zima liliangua kicheko. Nikafungua mfuko wangu, nikatoa sukari niliyomfungia mwenyeji wangu, nikamtilia. Mwalimu Kalinga, aliyekaa kiti cha nyuma, akaegemea mbele akaniambia hapo nimeanza kulielewa somo. Amerika alimaliza vita akiwa na ghala limejaa, na rafiki zake wote wakaja na vikombe. Ukimnyima rafiki, anakuwa adui. Ukimpa, anazoea.

"Na makoloni yako utaachia lini?" nikamuuliza Mgaya, maana sukari yangu ilikuwa imeshaingia tumboni mwake.

"Makoloni siachii."

"Wewe si ndiye uliyekesha unacheza ngoma siku ya Uhuru?"

"Yule alikuwa Mgaya. Huyu ni Uingereza."

Makambako upepo ulituchapa mpaka Uingereza akafunga tai yake masikioni. Tukiwa pale tunakula mahindi ya kuchoma, Mwalimu alitupitisha tena kwenye jambo gumu la mkutano wetu, nalo ni Polandi. Urusi alikuwa ameweka serikali kule, naye anataka wenzake waitambue. Amerika hakuipenda ile serikali, lakini ipo, imeshakaa. Afanye nini?

"Kutambua ndiyo silaha yako," Mwalimu aliniambia. "Usiitoe mpaka upewe kitu. Serikali isiyotambuliwa ni sawa na mtu anayebisha hodi na waliomo ndani wanamsikia, lakini hakuna anayesema karibu."

Niliendelea kutafuna mahindi yangu. Mwalimu hakujua kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anasema naye.

Baada ya Igawa lami ile mpya ya kwenda Zambia ilifungwa kwa ng'ombe. Walikuwa wengi, wenye pembe ndefu, wakivuka taratibu kwenda mbuga za Usangu, na mwenyewe alikuwa mtu aliyehamia kutoka kaskazini, amejifunga shuka, fimbo begani. Dereva alipiga honi mpaka mkono ukamchoka. Yule bwana akaja dirishani.

"Ndugu dereva, hiyo honi ng'ombe hawaijui. Wewe zima gari tu, watapita wenyewe."

Dereva akazima, nao wakapita. Mwalimu akasema kuna mabalozi waliosoma miaka mingi bila kujifunza hilo.

Uyole tuliingia mchana wa baridi. Malori ya Zambia yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, soko limejaa viazi na kabichi, na wenyeji wetu wamesimama wanaimba. Aliyepangiwa kunilaza alikuwa Mama Sekela, mjane mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, katibu wa darasa lao. Alinikumbatia pamoja na mzigo wangu.

"Ndaga, ndaga, Amerika! Mbona mwembamba hivi? Sisi tunasikia Amerika wanakula nyama!"

Tulikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mkutano, darasa moja la shule lililokuwa limefunguliwa kwa ajili yetu. Ujerumani ilikuwa imechorwa sakafuni kwa chaki, imekatwa vipande vinne, na kuku mmoja alikuwa anadonoa upande wa Berlini. Meza ilikuwa katikati, ubao wa miguu mitatu pembeni. Na upande wa Urusi, katikati ya wajumbe wawili, alikaa mzee mrefu amevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vita ya Bama, kule Asia. Nilimjua kabla sijaambiwa. Alikuwa na paji la uso la mume wangu na ubishi wote wa Atupele.

Mwalimu Kalinga alitutambulisha. Aliposema, "Huyu ni Mama Atupele wa Kihesa, mume wake ni kijana wenu wa huku huku," watu wa Uyole wakatazamana. Mzee akainuka. Akaizunguka meza, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, akanipa mkono.

"Hujambo, mgeni?"

"Sijambo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iringa hakujambo?"

"Hakujambo, baba."

"Haya. Karibu Uyole."

Ndugu zangu, nilitaka kucheza. Miaka yote ile ya kuogopeshwa, kumbe mzee wa watu ni mpole, mkono wake una joto na anauliza habari za Iringa! Nikamtazama Mama Sekela nimwonyeshe furaha yangu. Alikuwa ameinamisha uso na kicheko chake hakikusikika. Nikadhani ana wivu.

Mkutano ukaanza, nao ulikuwa moto. Urusi alitaka fidia. Alisema watu wake wamekufa kuliko wa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo Ujerumani ilipe, itoe viwanda vyake, itoe kila kitu, hata misumari. Nikamjibu kwamba ukimnyang'anya mtu jembe, mwakani njaa yake itabisha hodi mlangoni kwako. Uingereza alisema yeye anakubaliana na Amerika, kisha akauliza kama kuna chai. Kile kiti cha Ufaransa hakikupinga.

"Tuje kwenye Polandi," akasema mzee, akiwa amenikazia macho. "Serikali ipo. Ina watu, ina bendera, inapika na kupakua. Wewe Amerika, mbona hutaki kuitambua?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoa jibu tulilofanyia mazoezi, habari za uchaguzi na nini na nini. Lakini mdomo mlionichagulia ukaenda wenyewe.

"Vitu vingi vipo, mzee, na havitambuliwi. Hata ndoa inaweza kuwapo, ina miaka yake, ina mtoto anayeuliza habari za babu yake, na wako watu wanasema haipo."

 Kuku tu ndiye aliyeendelea kula Berlini. Mzee akakaa chini taratibu, akafunga kifungo kimoja cha koti lake, akafungua, akafunga tena. Mwalimu Kalinga akasema kwa sauti ya juu kupita kiasi kwamba kikao kimeahirishwa mpaka kesho.

Jioni tulikaa jikoni kwa Mama Sekela tukimenya viazi. Nilikuwa najilaumu kwa ukali wangu, nikamwambia nimemkosea mzee aliyenipokea vizuri hivyo.

"Amekupokea vizuri?" Mama Sekela akaweka kisu chini. "Mwana wa watu, kwani mume wako hakukufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Mwe! Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawapeani mkono, hawaitani jina, hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unaingia kwenye migomba. Yeye akikuona, anageuka. Ndiyo heshima yenyewe. Walokole wengine siku hizi wamelegeza, lakini yule mzee? Ana wake wa wanawe watatu hapa Uyole. Juzi mmoja wamekutana ghafla sokoni, mzee akaruka mtaro na koti lake."

 Kwetu mkwe tunamheshimu, tunainama, tunapita pembeni, lakini salamu hatunyimani. Na mume wangu, kwa kuwa hakuwahi kunipeleka kwao, aliona hakuna haja ya kunifundisha miiko ya nyumba nisiyokanyaga.

"Kwa hiyo kunipa mkono..."

"Amekupa mkono kama anavyompa bwana shamba. Amekuita mgeni mbele ya watu wote. Kwa sisi tunaojua, amesema: huyu si mkwe wangu, naweza kumtazama ninavyotaka."

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia juu ya viazi vya watu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefurahi, tena nimefurahi mbele ya macho ya watu waliojua. Mama Sekela akanipa pembe ya khanga yake nijifute, akasema maneno mawili ya kunituliza, kisha akasema, "Lakini leo umemjibu. Hajawahi kujibiwa yule." Sikuona faida yake. Nikamwambia kesho Amerika ataumwa kichwa, Mwalimu amweke mtu mwingine.

"Hapana," akasema. "Kesho utajifunga khanga kichwani vizuri, utakwenda. Wewe fanya sehemu yako ya mkwe. Yake mwachie yeye."

Asubuhi nilikwenda nikiwa nimejitanda hivyo, na chini yake gauni la nyota nililojishonea kwa ajili ya kuwa Amerika. Niliamua nitakaa upande, nitatazama sakafu, nitasoma majibu yangu yalivyoandikwa, nitarudi kwetu. Uingereza alikuwa ameshakaa. Kiti cha Ufaransa kilikuwa pale pale. Mzee alikuwa amesimama karibu na ubao, mgongo kwetu, anamwonyesha mwenzake mpaka wa Polandi. Nikaingia. Mtu akasema, "Amerika amefika." Mzee akageuka.

Tulikutana macho kwa muda wa kupepesa tu. Halafu yule mzee mrefu, askari wa Bama, akapandisha koti lake la jeshi juu ya kichwa, akakimbia. Alianza kuelekea mlangoni, akakuta mimi ndiye niliyeuziba. Akaelekea dirishani, akakuta ni dogo. Mwisho akapiga kona, akaikanyaga Ujerumani yote kwa viatu vyake, akajibanza nyuma ya ubao. Ubao ukayumba. Miguu yake ikawa inaonekana kwa chini, imebanana kwa adabu.

Ndugu Mgaya aliruka kutoka kitini. "Urusi wamesusa! Andikeni, Urusi wamesusa mkutano!"

Lakini wanawake wa Uyole walikuwa wameshaanza vigelegele. Mama Sekela alipiga vya kwake mpaka wapagazi wa soko wakaja kuchungulia. Mimi nilikuwa nimeshawapa mgongo wote, nimejifunika uso, nacheka na machozi yananitoka. Mwalimu Kalinga aliniuliza kama nimetukanwa. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Nimetambuliwa."

Hakuna mkutano wa wakubwa uliowahi kuendeshwa kama wetu ulivyoendeshwa baada ya hapo. Urusi alikuwa nyuma ya ubao, Amerika amegeukia ukuta, na hakuna aliyeruhusiwa kusikia sauti ya mwenzake moja kwa moja. Kwa hiyo Uingereza alikuwa anakwenda na kurudi, gambuti zikilia sakafuni, akibeba maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia.

"Urusi anasema fidia atapunguza kidogo, lakini misumari anaitaka."

"Mwambie Amerika amekubali misumari."

"Amekubali misumari!" Mgaya alipaza sauti kwenye ubao, jasho likimtoka katika baridi ile. Nadhani siku hiyo aliyaachia makoloni yake yote moyoni, ili mradi akae chini.

Tulipofika Polandi, sikusubiri kuulizwa. "Mwambie Urusi kwamba Amerika anaitambua serikali ya Polandi."

Mwalimu Kalinga alishika kichwa. "Mama Atupele! Umetoa bure! Ndiyo silaha yetu ilikuwa hiyo!"

"Mwalimu," nikamwambia, "sisi tumeshalipwa."

 Nyuma ya ubao mzee akasema neno polepole, na Mgaya akalileta, safari hii bila kelele, maana hata yeye alikuwa amekwisha kuelewa. "Urusi anasema, mama wa nyumbani kwake amepika ndizi. Amerika ale kabla ya safari. Yeye mwenyewe leo atashinda shambani, hatarudi mpaka jua lizame."

Mchana huo niliingia nyumba ya wakwe zangu kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa shambani kama alivyoahidi, amenipishia nyumba yake yote. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani, na alinishika mashavu kwa mikono yake miwili. Tulikula ndizi kwa nyama. Nilimwambia sijui kuzimenya, akacheka, akanifundisha na mkaa wa moto ukiwa bado mekoni. Wakati wa kuagana akanisindikiza mpaka njia kuu.

"Mzee amesema mtoto aletwe," akaniambia. "Wewe atakukimbia mpaka afe, uzoee. Lakini mjukuu hakimbiwi. Mjukuu anapakatwa."

Njia ya kurudi sikuiona sana. Najua tulipita Chimala, najua Makambako kulikuwa na upepo, najua Uingereza aliteremka Mafinga akanipa mkono kwa heshima na kuniomba sukari iliyobaki. Nikampa.

Kihesa nilifikia gereji kabla ya nyumbani. Miguu ilikuwa chini ya gari jingine.

"Umerudi? Mmeshinda?"

"Sijui. Tumeitambua Polandi."

"Na baba? Hukwenda kwake, si ndiyo?"

"Nilimwona mkutanoni. Alinikimbia."

Nyundo iliyokuwa inagonga ikanyamaza. Mume wangu akatoka chini ya gari akiwa amelala vile vile chali, uso umejaa oili.

"Alikukimbia wewe? Mbele za watu?"

"Alijifunika koti, akajibanza nyuma ya ubao mpaka mkutano ukaisha."

Hakusimama. Aliketi pale chini, akaweka mikono yake michafu usoni, akacheka kicheko ambacho katikati kiligeuka kuwa kitu kingine, na mafundi wenzake wakajifanya wanatafuta spana. Nikakaa karibu naye, na gauni langu la nyota.

Wenzangu, mliniagiza nirudi na mafunzo. Nimejifunza kwamba taifa kubwa likishamaliza vita, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Marafiki wanataka sukari, majirani wanataka mpaka, na aliyeshindwa ana watoto wenye njaa. Nimejifunza pia kwamba si kila anayekupa mkono amekukubali, na kwamba kabla ya kukasirika kwa kupewa mgongo, uulize kwanza kwa watu wale mgongo una maana gani. Kama mabalozi wa wakubwa wangekaa jikoni na Mama Sekela wakamenya viazi, pengine dunia ingelala usingizi.

Haya nilimweleza mume wangu yote pale chini. Sidhani kama alisikia hata moja. Alikuwa ameshanyanyuka, anafuta mikono kwa kitambaa, anatazama barabara ya kwenda Mbeya.

"Atupele ana sweta?" akaniuliza. "Uyole kuna baridi."